Kuomba vyuo vya udaktari wa DO Marekani, na kuchagua kati ya viwili

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 31, nimezaliwa Moshi na ninaishi Arlington, Texas, tangu mwaka 2013. Ni muuguzi aliyesajiliwa na nina green card. Nimemaliza masomo ya sayansi yanayotakiwa kwa waombaji wa udaktari. GPA yangu, yaani wastani wa alama za chuo kati ya 4, ni 3.4, na ya sayansi peke yake ni 3.2, kwa sababu niliwahi kufeli kemia ya oganiki nikairudia nikapata B. Katika MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, nimepata 501. Mwezi Mei nataka kuomba vyuo vya osteopathi, yaani vya DO, maana nimeambiwa vinafuta alama mbaya ukirudia somo. Shemeji yangu anasema nitakopa pesa nyingi, nisome miaka minne, halafu niishie kuchua watu migongo. Je, nitakubaliwa? Na nikikubaliwa na chuo kipya cha jimbo jirani na kingine cha zamani kilicho mbali kaskazini, nichagueje nikiwa na mume na watoto wawili?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza mambo matatu kwa pamoja: kama DO, yaani daktari wa osteopathi, ni daktari kamili, kama alama zako zinatosha, na namna ya kuchagua chuo. Nitaanza na neno la shemeji yako, kwa sababu kama yeye ana haki, hayo mengine mawili hayana maana. Mimi mwenyewe ni DO, ninatibu familia hapa Marekani, na neno hilo nimelisikia tangu siku nilipopokea barua yangu ya kukubaliwa.

Shemeji yako hajalitunga. Katika Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya, mtu anayeitwa osteopathi ni mtaalamu wa kutibu kwa mikono, si daktari wa tiba, na shahada yake haimpi leseni ya udaktari Marekani. Ndugu zetu walioko London wakisikia neno hilo, huyo ndiye wanayemfikiria. Marekani historia ilikwenda njia nyingine. Andrew Taylor Still alikuwa tabibu wa mipakani ambaye mwaka 1864 alipoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, wakati ambapo tiba za siku zile zilikuwa pamoja na dawa za zebaki na kumtoa mgonjwa damu. Akaanza kutafuta tiba inayouangalia mwili kama kitu kimoja, akaitangaza mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo cha kwanza cha osteopathi katika mji wa Kirksville, Missouri. Kwa miongo mingi wafuasi wake walidharauliwa, lakini vyuo vyao viliendelea kuongeza famasia, upasuaji na mafunzo ya hospitali hadi tofauti ya mtaala na vyuo vya MD, ile shahada ya udaktari iliyozoeleka, ikabaki ndogo. Mwaka 1962 jimbo la California liliwaruhusu DO wake kulipa dola 65 na kubadilishiwa shahada kuwa MD, jambo linaloonyesha jinsi mstari ulivyokuwa mwembamba hata wakati ule. Mississippi ilikuwa ya mwisho kuwapa leseni kamili, mwaka 1973.

Leo DO ana leseni kamili katika majimbo yote 50. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anasimamia chumba cha mahututi. Tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa, ambayo huku tunayaita residensi, yako chini ya chombo kimoja kwa MD na DO. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini humu wako katika vyuo vya DO. Ukitaka mfano wa kumpa shemeji mezani, mwambie kwamba Sean Conley aliyekuwa daktari wa Rais Trump, na Kevin O'Connor aliyekuwa daktari wa Rais Biden, wote ni DO.

Kuhusu hiyo mikono, ni kweli ipo, na usiionee haya. Juu ya masomo yote ya udaktari, mwanafunzi wa DO hupata takriban saa 200 za kujifunza kupima na kutibu misuli na viungo kwa mikono. Sisi tulikuwa tukilazana kwa zamu kwenye vitanda vya mazoezi, mmoja akiwa mgonjwa, mwingine ameketi kichwani pake na ncha za vidole chini ya fuvu la mwenzake, akingoja kimya dakika mbili au tatu mpaka misuli ya shingo ilegee yenyewe. Kliniki yangu ya leo ni shinikizo la damu, kisukari, wajawazito na watoto wa chanjo. Lakini akija mama anayefanya usafi hotelini, ambaye kichwa kinamuuma kila jioni kwa sababu ya shingo iliyokaza, ninajua la kufanya kabla ya kuandika kidonge. Kama jambo hilo halikuvutii hata kidogo, jiulize kabla hujaomba, kwa sababu utalisoma na kutahiniwa miaka yote minne.

Sasa alama. Hapa lazima nikusahihishe mapema, maana kosa hili linawagharimu watu mwaka mzima. Zamani AACOMAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya DO, ulikuwa ukiondoa alama ya kwanza na kuhesabu ile ya kurudia peke yake. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2017, ingawa maandishi ya zamani yanayousifu bado yanasambaa. Sasa majaribio yote yanahesabiwa. Kama kemia ya oganiki ilikuwa ya krediti 4, F yako ina pointi sifuri na B ina pointi 12, kwa hiyo mfumo utaona pointi 12 kwa krediti 8, yaani wastani wa 1.5 kwa somo hilo. Keti na matokeo yako yote, pamoja na ya chuo cha jamii ulichoanzia ikiwa ulipitia huko, uhesabu upya. Ikiwa ile 3.2 iliiacha F nje, basi GPA yako halisi ya sayansi iko chini ya hapo, na ni heri ulijue leo kuliko mwezi Agosti. Dawa yake si kurudia tena somo lilelile. Chukua masomo mawili au matatu ya juu, kama biokemia au fiziolojia, na upate A. Kamati za udahili huangalia mwelekeo: mtu aliyeanguka akiwa na miaka 22 na kusimama imara akiwa na miaka 30 ana hadithi inayoeleweka.

MCAT ya 501 iko chini kidogo ya wanaoingia, kwa sababu wastani wa waliokubaliwa katika vyuo vya DO umekuwa karibu 504 miaka hii. Haikufungii mlango. Lakini alama hiyo pamoja na GPA ya sayansi iliyo chini vinakuweka ukingoni, nami sitakudanganya kwamba uko salama. Angalia sehemu zake nne, kila moja ikiwa kati ya 118 na 132. Wengi wetu tuliosoma kwa Kiswahili na Kiingereza cha darasani huangushwa na ile ya kusoma na kuchambua makala, na hiyo haipandi kwa kukariri. Hupanda kwa kusoma makala ngumu kila siku, kwa miezi, ukijilazimisha kueleza mwandishi alidai nini na kwa nini. Rudia mtihani ikiwa tu majaribio rasmi ya mazoezi yanakupa mara kwa mara 505 au zaidi, kwa kuwa alama zako zote zitaonekana, na mtihani wa pili ulio sawa na wa kwanza, au chini yake, ni mzigo. Kama mazoezi hayajapanda kufikia Mei, ningekushauri uahirishe mwaka mmoja, ukamilishe yale masomo ya juu, uombe mara moja ukiwa tayari. Najua ushauri huo unauma ukiwa na miaka 31. Kuomba vyuo 15 bila maandalizi na kukataliwa na vyote kunauma zaidi, na kunakula akiba ya nyumba.

Wakati wenyewe una uzito, kwa kuwa vyuo vingi vya DO hujaza nafasi kadiri maombi yanavyowasili. Maombi ya Juni na maombi ya Desemba ya mtu yuleyule hayana nafasi sawa.

Jambo lingine ambalo hukulitaja linanishangaza, kwa sababu unaishi Arlington. Chuo cha osteopathi cha Texas, TCOM, kiko Fort Worth, mwendo mfupi kutoka kwako. Ni cha umma, na karo yake kwa mkazi wa Texas ni sehemu ndogo tu ya karo ya chuo binafsi. Chenyewe hakiombwi kupitia AACOMAS bali kupitia TMDSAS, mfumo wa Texas, ambao hupokea pia maombi ya chuo cha osteopathi cha Sam Houston State mjini Conroe. Sheria ya jimbo inavitaka vyuo vya umma vya udaktari viwape wakazi wa Texas angalau asilimia 90 ya nafasi, na mwenye green card aliyetimiza masharti ya ukaazi anahesabiwa mkazi. TCOM kina ushindani na waingiaji wake huwa na MCAT iliyo juu ya yako, lakini kuacha kuomba ukiwa jirani yake ni kujinyima. Tena usidhani kila chuo cha umma ni rahisi kwa bei: Sam Houston State kilianza mwaka 2020 bila ruzuku ya kawaida ya jimbo, na karo yake ikawa dola 55,000 kwa mwaka. Soma bei ya kila chuo peke yake.

Uuguzi wako ni nguvu kubwa ukiutumia vizuri. Katika usaili utaulizwa, kwa maneno haya au yanayofanana nayo, kwa nini usiwe NP, yaani muuguzi wa ngazi ya juu anayetibu na kuandika dawa, kwa muda mfupi na gharama ndogo. Usijibu kwa kuushusha uuguzi. Nimeketi upande wa wanaouliza, na jibu linaloshika ni la tukio moja: usiku ule mgonjwa yule alipobadilika, ulichokiona wewe, ulichotaka kukielewa ukakosa elimu yake. Pia mtafute DO umfuate kazini siku kadhaa, kisha umwombe barua ya mapendekezo, kwa kuwa baadhi ya vyuo huidai na vingine huipenda. Ukiwa hospitali, huenda umefanya kazi na DO miaka yote bila kujua. Soma herufi zilizo kwenye beji.

Sasa tuseme barua mbili za kukubaliwa zimekuja. Watu watakuambia uangalie jengo, maabara ya anatomia, jina. Mimi nakuomba uangalie mwaka wa tatu. Miaka miwili ya kwanza ni madarasa na vitabu, na vyuo vyote vyenye ithibati ya COCA, chombo kinachokagua vyuo vya DO, hufundisha karibu mambo yaleyale. Udaktari wenyewe unajifunzwa mwaka wa tatu, wodini, na hapo ndipo vyuo vya DO vinapotofautiana sana, kwa sababu vingi havina hospitali yao wenyewe. Huingia mikataba na hospitali na madaktari binafsi waliotawanyika, wakati mwingine katika majimbo matatu au manne, na wanafunzi hugawanywa huko, mara nyingine kwa kura. Mwanafunzi mmoja atakaa hospitali kubwa yenye madaktari walioko residensi, akishiriki raundi za asubuhi na kuwasilisha wagonjwa wake mbele ya timu. Mwenzake wa chuo kilekile atamfuata daktari mmoja katika ofisi yake, akiangalia zaidi kuliko anavyotenda. Wote watahitimu. Lakini barua za mapendekezo na mazoea watakayoyapeleka kwenye residensi hayatalingana.

Hili ninalisema kwa uchungu wa kulipitia. Chuo changu kilituonyesha ramani yenye nukta nyingi za hospitali. Mwezi Februari nikapata barua pepe ya mistari minne kwamba mzunguko wangu wa upasuaji, yaani kipindi changu cha mafunzo katika idara hiyo, umefungwa na kwamba nitahamia mji ulio mwendo wa saa sita kwa gari, baada ya wiki mbili. Nilikuwa na mtoto wa miezi kumi. Hakuna aliyekuwa amenidanganya. Mimi ndiye sikuwa nimeuliza kama mikataba ile ilikuwa imesainiwa, kwa miaka mingapi, na nani hutafuta nafasi nyingine hospitali ikijitoa. Wewe uliza hayo yote, kwa maandishi, kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi, ambayo mara nyingi hairudishwi.

Kwa chuo kipya cha jimbo jirani, swali hilo lina uzito maradufu. Chuo hakipati ithibati kamili mpaka kihitimishe darasa lake la kwanza. Hadi hapo kinakuwa na ithibati ya awali. Hiyo si hila wala aibu, maana kila chuo kilianza hivyo, na wahitimu wa darasa la kwanza hupata leseni kama wengine. Bali maana yake ni kwamba hakuna matokeo ya kuyasoma, na wewe ndiye utakayekuwa matokeo. Chuo cha zamani kina rekodi: waliofaulu COMLEX, ambao ndio mtihani wa leseni wa DO, na mahali walikokwenda kwa residensi. Isome rekodi hiyo kwa makini. Vyuo hupenda kutangaza kwamba asilimia 98 au 100 ya wahitimu wamepata nafasi, lakini idadi hiyo mara nyingi huunganisha walioshinda katika Match, ule mfumo wa kitaifa wa kugawa nafasi za residensi, walioikosa wakapata nafasi zilizobaki, na waliopewa mwaka mmoja tu usio na mwendelezo. Kitaifa, mwaka 2025, asilimia 92.6 ya wanafunzi wa DO wa mwaka wa mwisho walipata nafasi kwenye Match, na kwa MD ilikuwa 93.5. Uliza idadi ya Match peke yake, kisha uliza walioanza mwaka wa kwanza walikuwa wangapi na waliohitimu kwa wakati ni wangapi. Chuo kilichopoteza wanafunzi wengi njiani kinaweza kuonyesha asilimia nzuri mwishoni.

Ikiwa ndoto yako ni familia, tiba ya ndani, watoto au magonjwa ya akili, shahada ya DO haitakuzuia popote. Ikiwa ni ngozi, upasuaji wa ubongo au wa kurekebisha maumbile, njia ipo ila ni nyembamba kwa DO kuliko kwa MD, na pengine utahitaji kufanya USMLE, mtihani wa leseni wa MD, pamoja na COMLEX, yaani mitihani maradufu na ada maradufu. Kwa ndoto ya aina hiyo, chuo chenye hospitali kubwa na utafiti kina faida ya kweli.

Halafu fedha, na hapa sheria imebadilika. Kuanzia Julai 1, 2026, ule mkopo wa serikali ya Marekani uliokuwa ukifunika gharama zote zilizobaki unafungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa udaktari atakopa serikalini si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mwenye green card anaruhusiwa kukopa. Tuseme chuo binafsi kinakugharimu dola 95,000 kwa mwaka, karo na maisha pamoja. Pengo ni 45,000 kila mwaka, yaani 180,000 kwa miaka minne, na hizo utazikopa benki, bila ulinzi wa kulipa kulingana na kipato na bila msamaha wanaopewa wanaofanya kazi miaka kumi katika hospitali zisizo za faida. Benki nayo inaweza kutaka mdhamini. Kwa hesabu hiyo, tofauti ya dola 20,000 za karo kati ya vyuo viwili ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya jina. Ufadhili wa NHSC, mpango wa serikali wa kupeleka matabibu kwenye maeneo yenye uhaba, na ule wa jeshi, unaolipa karo kwa ahadi ya utumishi, hutolewa kwa raia tu. Ikiwa umetimiza miaka mitano na green card, zungumza na wakili wa uhamiaji sasa, si baada ya kukubaliwa.

Kwa hiyo, kwa uliyonieleza, ningeelemea chuo cha zamani hata kikiwa mbali, isipokuwa kile kipya kikuonyeshe mikataba iliyosainiwa na hospitali yenye residensi, na kiwe nafuu waziwazi. Uamuzi huo nisingeukazania kama watoto wako wangekuwa na bibi wa kuwalea katika jimbo lile jirani, kwa sababu mama anayesoma udaktari bila mtu wa kumchukua mtoto shuleni saa tisa anabeba kitu kisichoonekana kwenye rekodi ya chuo chochote. Mume wako na awepo katika mazungumzo yote ya fedha na kuhama. Na kama mnafikiria kurudi Tanzania siku moja, liandikieni Baraza la Madaktari Tanganyika mapema, mpate jibu la maandishi kuhusu kusajili shahada ya DO.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya. Mshauri wa waombaji wa udaktari katika chuo ulichosoma aione rekodi yako nzima, ile F ikiwemo, kabla hujalipia maombi yoyote. Ofisi ya mikopo ya kila chuo ikupe makadirio ya miaka minne kwa maandishi. Na ikiwa kusoma MCAT baada ya zamu za usiku kumekunyima usingizi au kukuletea huzuni isiyoondoka, muone daktari wako mwenyewe, kama ambavyo ungemwelekeza mgonjwa wako afanye.

Mwisho, omba kila chuo kikupe simu ya mwanafunzi wa mwaka wa nne, ikiwezekana aliye mzazi. Muulize amehama nyumba mara ngapi tangu mwaka wa tatu uanze, nani alilipa kodi, na mzunguko wake wa mwisho aliupangiwa na chuo au aliutafuta mwenyewe.